Biashara ikidoda, si lazima ushushe bei

Pale soko la Majengo, Dodoma, mauzo yakidorora utasikia: “Shusha bei, wateja watarudi.” Hesabu inakataa. Tuseme lita ya mafuta ya alizeti unainunua 5,000 na kuiuza 6,000. Ukiiuza 5,500, faida imekatika nusu. Sasa lazima uuze lita mbili ili upate ulichokipata kwa moja. Na wanunuzi mara mbili watoke wapi, wakati mifuko yao ndiyo iliyotoboka? Mteja hajakimbia bei, amekosa hela ya lita nzima. Mpimie robo, au hata ya mia tano, kwa bei ileile ya 6,000 kwa lita. Kushusha kunafaa kwa nyanya zinazokaribia kuoza. Hapo unaokoa mtaji tu. Halafu lile daftari la madeni (hilo ndilo linaloua maduka kimyakimya) lifunge kwanza.