Jicho Limeshatolewa, Maabara ya Nini?

"Jicho lenyewe limeshatolewa, sasa maabara ya nini?" Wiki hii nimelisikia tena, na safari hii msemaji si mzazi, ni mhudumu wa afya, tena mbele ya bibi aliyembeba mjukuu mgongoni. Bibi wa watu akaitikia, akaanza kuulizia basi la kurudi Lindi. Mimi ninayesoma vinyama kwa hadubini maabara nimechoka kulijibu swali hili kwenye korido.

Nazungumzia retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto. Mboni kung'aa nyeupe kwenye picha ya flashi, jeni ya RB1 ambayo hitilafu yake huleta ugonjwa, watoto chini ya miaka 5: hayo nayaruka. Kinachonikera ni habari ya neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo.

Upasuaji unaondoa uvimbe unaoonekana. Seli chache zilizopenya kwenye neva kuelekea ubongoni hata picha ya MRI inaweza isizione. Hadubini inaziona, mradi kinyama, yaani jicho lililotolewa, kiletwe maabara.

Jicho linakaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10 saa 24, afadhali 48. Halafu, kabla sijalifungua, nakata ncha ya neva, pale mkasi wa mpasuaji ulipoishia, naiweka kwenye kaseti, kijisanduku cha maabara, yake peke yake. Uvimbe huu unamomonyoka kama chaki iliyolowa. Ukianza kwa kupasua jicho, wembe unasomba seli unazipaka kwenye neva, na mtoto anaandikiwa ugonjwa asio nao.

Seli zikiishia kabla ya lamina kribrosa, kichujio kilichopo neva inapotoka nyuma ya jicho, mara nyingi mtoto anafuatiliwa tu kliniki. Zikivuka, anahitaji kemo, yaani dawa za saratani. Zikifika kwenye ncha iliyokatwa, maana yake nyingine zimebaki kwenye tundu la jicho, na matibabu yanakuwa mazito zaidi, pamoja na mionzi.

Koroidi, tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina, ndiyo inayoninyima usingizi. Vitabu vinasema uvamizi wa milimita 3 au zaidi ni mkubwa, kana kwamba kila slaidi, kipande chembamba cha kinyama juu ya kioo, inapimika kwa rula. Seli zilizosombwa na wembe huwa zimetawanyika ovyo; zilizovamia kweli hujikusanya fungu moja na kusukuma tishu pembeni. Lakini zipo slaidi ambazo mimi nasema hivi, mwenzangu anasema vile, tunakata vipande vingine, na bado tunaandika kwamba hatuna uhakika. Hata wataalamu wa saratani hawakubaliani kama koroidi peke yake, neva ikiwa safi, inatosha kumwanzishia mtoto kemo.

Wapasuaji, tuachieni neva ndefu, milimita 10 hadi 15 ikiwezekana. Ikikatwa fupi, nitasoma nini? Na kopo lenye jicho lisisahaulike kabatini wadi.

Wazazi, msiondoke Dar bila majibu ya kinyama. Mwulizeni daktari waziwazi: ncha ya neva iko safi? Koroidi je? Na ndugu zake wa tumbo moja, hasa wachanga, wapelekwe kupimwa macho hata kama wanaona vizuri, maana hitilafu ya RB1 inaweza kurithiwa hata pale jicho moja tu la mtoto lilipougua.