Shule za Tanga: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Kabla ya Mjerumani, Tanga haikuwa na shule." Hili hurudiwa kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Vyuo vya Kurani vilikuwapo zamani. Mtoto alikaa mkekani na ubao wake, kalamu ya tete na wino, akaanza na alifu, akajua irabu, kisha akapanda juzuu moja baada ya nyingine hadi akahitimu zote 30. Waliobobea waliandika barua, hesabu za biashara na tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikuja na herufi nyingine tu. Mwanzoni hata wao waliandikiana na majumbe, yaani wakuu wa vijiji, kwa herufi za Kiarabu. Walipohamia za Kirumi, mwandishi hodari wa juzi akaamka akiitwa "hajasoma".

"Shule hiyo ya Mjerumani ilikuwa ya kubatizia watoto." Hapana, ingawa hofu ya wazazi inaeleweka, maana shule nyingi walizozisikia zilikuwa za misheni, kama ile ya Magila karibu na Muheza. Ya serikali haikufundisha Ukristo. Soden, gavana wa Kijerumani, alitaka hata awepo mwalimu wa Kurani ili Waislamu walete watoto, jambo lililowachefua wamisheni. Lakini kwa wingi misheni iliiacha serikali mbali: kufikia 1914 koloni zima lilikuwa na shule za serikali zipatazo 100, za misheni zaidi ya 1,800.

"Kiswahili kiliingia darasani na Azimio la Arusha." Tanga kilifundishiwa tangu mwanzo, na sababu haikuwa mapenzi. Serikali ilihitaji makarani, walimu na maakida (watawala wadogo waliosimamia majumbe) ambao ingeweza kuwapeleka wilaya yoyote wakaelewana na watu, kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapo hapo shuleni. Waingereza ndio waliokibakiza Kiswahili madarasa ya chini tu na kuweka Kiingereza juu. Mwaka 1967 kikarudishwa shule zote za msingi hadi darasa la mwisho.

"Zamani watoto wote wa mjini walisoma pamoja." Walitengwa: Waafrika kwao, Wahindi kwao, Wazungu kwao, kila kundi na bajeti yake. Mfumo mmoja ulianza Januari 1962, na shule nyingi za jumuiya na misheni zikataifishwa mwishoni mwa muongo huo.

"Shule ya msingi iliishia darasa la saba tangu zamani." Hapana: elimu ya msingi ilipunguzwa kutoka miaka minane hadi saba katika miaka ya 1960. Ukikuta cheti cha babu kimeandikwa darasa la nane, karani hakukosea.