Kwa nini ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu uko mikononi mwa Waislamu?

Kila alfajiri, katika Mji wa Kale wa Yerusalemu, Mwislamu hufungua mlango wa kanisa ambalo Wakristo wengi huamini kuwa limejengwa mahali Yesu aliposulubiwa na kuzikwa. Ufunguo wenyewe, wa chuma na wenye urefu wa takriban sentimita 30, hutunzwa na ukoo wa Joudeh, ilhali kazi ya kufungua mlango ni ya ukoo mwingine wa Kiislamu, Nuseibeh.

Jibu lililozoeleka ni kwamba madhehebu ya Kikristo yaligombania mlango hadi yakaona heri ufunguo apewe mtu wa nje. Jibu hilo linavutia, lakini linageuza matokeo kuwa chanzo. Salahuddin Ayyubi, sultani wa Kiislamu, alipouteka mji Oktoba 1187 kutoka kwa Wapiganaji wa Msalaba wa Ulaya, hapakuwa na ugomvi wa madhehebu uliomngoja ausuluhishe. Makasisi wa Kilatini, yaani wa Kikatoliki, waliondolewa, kanisa likafungwa kwa siku chache, na baadhi ya washauri wake wakataka libomolewe. Alikataa, akifuata mfano wa Khalifa Umar bin al-Khattab, ambaye karne tano na nusu kabla yake aliingia mji huohuo na kuliacha kanisa lisimame. Baadaye mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuingia, ila kwa ada, na ada hiyo iliendelea kutozwa chini ya tawala mbalimbali hadi miaka ya 1830. Kwa hiyo mshika ufunguo wa mwanzo alifanana zaidi na mtoza ushuru kuliko msuluhishi, na mlango ulikuwa suala la utawala na mapato.

Ukoo wa Nuseibeh husimulia kwamba ubawabu wao ulianza na Umar mwenyewe, na wa Joudeh huutaja mwaka 1187. Hayo ni mapokeo ya kifamilia na yastahili heshima, ingawa hati ambazo Joudeh wanazihifadhi za masultani wa Kiosmani, yaani wa dola ya Kituruki iliyotawala mji huo baadaye, zinathibitisha karne za baadaye kuliko siku za Salahuddin.

Ugomvi unaeleza jambo jingine, nalo ni kwa nini ufunguo haukurudishwa. Jengo hutumiwa na jumuiya sita: Waortodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Waethiopia na Wasiria. Amri za Kiosmani za 1757 na 1852 ziliagiza kila kitu kibaki kilivyo, na chini ya utaratibu huo hata kufagia huhesabiwa kuwa dalili ya umiliki. Mwaka 1901 Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, na Wagiriki walipigana kwa sababu ya kufagia kidato kimoja tu. Dhehebu ambalo lingeushika ufunguo lingedai jengo zima.

Wanachama wa vikoba wanaijua mantiki hii vizuri. Sanduku la akiba lina kufuli tatu na funguo zake wanazo watu watatu, na mwenye kulilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hakuna aliyeitwa mwizi. Ila hakuna awezaye kulifungua peke yake, na kila mmoja analazimika kuwapo ili mwenzake afanye kazi. Mlangoni Yerusalemu ni vivyo hivyo. Joudeh ana ufunguo lakini hafungui. Nuseibeh anafungua lakini halazi ufunguo kwake. Naye hakifikii kitasa cha juu bila ngazi, na ngazi inalala ndani ya kanisa, ambako watawa hufungiwa usiku kucha; alfajiri mmoja wao huipenyeza nje kupitia kidirisha kilichomo mlangoni, bawabu akapanda. Ni utaratibu wenye usumbufu wa ajabu, na usumbufu huo ndio ufanyao kazi.

Februari 2018, viongozi wa Waortodoksi, Wakatoliki na Waarmenia walipopinga kodi ya manispaa juu ya mali za makanisa, walikubaliana mlango ufungwe, nao ukabaki umefungwa kwa siku tatu hadi serikali ya Israeli iliposimamisha mpango huo.