Data za CERN hazikai kwenye kompyuta moja

Watu wengi huamini kwamba CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kina kompyuta moja kubwa ajabu inayotunza kila kinachotokea ndani ya LHC, mtambo wake wa kugonganisha chembe. Sivyo.

Kwanza, sehemu kubwa haitunzwi kabisa. Protoni, chembe ndogo zinazopatikana ndani ya atomu, hugongana hadi mara bilioni 1 kwa sekunde, na hakuna ghala la kumeza yote hayo. Vichujio vya kielektroniki na programu huamua papo hapo kipi kibaki. Kilichotupwa hakirudi, ndiyo maana kuvitengeneza vichujio hivyo ni kazi nzito.

Kinachobaki husambazwa. Mtandao wa kompyuta uitwao WLCG unaunganisha vituo vya kompyuta takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, kimojawapo kikiwa Cape Town. Nakala moja hukaa CERN, nyingine hugawanywa kwa vituo vikubwa ng'ambo. Mtafiti wa mifumo hii hushughulika na maswali magumu: faili iko wapi, nakala imeharibika au la, na je, si nafuu kupeleka hesabu penye data kuliko kuhamisha data yenyewe?

Na hifadhi ya muda mrefu? Ni kanda za sumaku, ndugu wa zile kaseti za muziki za zamani. Roboti huchomoa kanda rafuni inapohitajika. Kanda ikikaa tu, haili umeme. Kuziita teknolojia iliyokufa ni kuzionea.