Goti laini si ataki ya polepole

Juzi amekuja studioni kwangu hapa Kampala prodyuza chipukizi na wimbo wa kadongo kamu: gitaa, sauti na kisa kirefu. "Mzee, nimeweka goti laini ili kompresa isishike mapema," akaniambia. Kompresa ni kifaa kinachobana sauti inapopanda mno. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara kuna sauti nzuri iliyoharibika nyuma yake.

Goti halihusu muda hata kidogo. Kasi ni kazi ya ataki (muda ambao kompresa inachukua kushika) na rilisi (muda wa kuachia). Goti linahusu kimo cha sauti, yaani ukubwa wake: kompresa ianze kubana wapi, na ifikie wapi uwiano wake kamili.

Chukua kizingiti, yaani mpaka wa kimo unaowekewa kompresa, cha desibeli -18, na uwiano wa 4 kwa 1: kila desibeli 4 zinazovuka mpaka, inatoka 1. Kwa goti gumu, sauti ya -18 haiguswi. Ikivuka tu, inabanwa kwa uwiano wote. Sasa weka goti laini la upana wa desibeli 12. Kubana kunaanza kidogo kidogo kwenye -24 na kukamilika kwenye -12. Pale kizingitini penyewe, desibeli 1 na ushee imeshaondoka. Yaani goti laini linagusa sauti iliyo chini ya kizingiti, na hilo ndilo wengi hawalijui.

Kijana alitanua goti hadi desibeli 24, ataki akaiacha kwenye milisekunde 1. Basi kompresa ilikuwa inabana tangu -30, tena upesi. Msikilize mwimbaji akitamka "ttaka", ardhi. Kiganda kinakaza ile t mpaka inapasuka, na maana imo humo. Ataki ilikuwa imeumeza mpasuko wote. Kisha kijana akainua sauti nzima kufidia kilichobanwa, na boda boda za barabarani zikaingia kwenye beti.

Nilirudisha goti hadi 6, ataki milisekunde 15. T ikarudi. Mwimbaji anaposogelea maiki kwenye kiitikio, husikii tena mahali kompresa inaposhika, na hiyo ndiyo kazi ya goti laini.

Kuna jambo linalonisumbua bado. LA-2A, kompresa ya siku nyingi, haina kitufe cha goti; inabana taratibu kadiri sauti inavyopanda, na kasi yake nayo inabadilika kufuata sauti inayopita. Kwenye mashine hiyo sikio langu halitenganishi kimo na muda. Na goti la 6 na la 9, nikifumba macho, mara nyingi nashindwa kuyatambua.