Kodi halisi za bidhaa: namba ikipanda, kodi imepanda?

Ukinunua rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, dai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, usome mistari ya chini. Kama umelipa shilingi 11,800, bei bila kodi ni 10,000 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ni 1,800. Ile 1,800 si ya mwenye duka. Anakata VAT aliyolipa mwenyewe aliponunua mzigo, kinachobaki anakipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Aliyeibeba kodi ni wewe, ndiyo maana inaitwa kodi isiyo ya moja kwa moja.

Sasa jumlisha kodi za aina hiyo nchi nzima kwa mwaka mmoja: VAT, ushuru wa bidhaa kwenye bia, soda na sigara, ushuru wa forodha kwa vinavyotoka nje. Kisha toa ruzuku ambazo serikali imelipa ili bidhaa fulani, mbolea kwa mfano, ziuzwe nafuu. Kinachobaki ndicho kodi halisi za bidhaa. Kodi ya mshahara haimo, wala ada ya leseni ya biashara, kwa sababu haifuati kiasi cha bidhaa unachouza.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, inaihitaji namba hii kwa kazi moja kubwa. Kilimo, viwanda, utalii na sekta nyingine hupimwa bila kodi hizi. Ili kufika kwenye Pato la Taifa kwa bei za soko, lazima ziongezwe juu ya jumla ya sekta.

Utata huanza ukizipanga namba za miaka mingi. Mstari ukipanda, wengi husema serikali imeongeza kodi. Si lazima. VAT ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Hata kiwango kikishuka, shilingi zinazokusanywa zinaweza kuongezeka: bei za vitu zimepanda, watu wananunua zaidi, au waliokuwa wakiuza bila risiti wamebanwa. Mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010 kwa shabaha hiyo hiyo. Kinyume chake pia hutokea. Juni 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta. Ruzuku ya namna hiyo hushusha kodi halisi bila kiwango chochote cha kodi kuguswa, na nchi ambayo ruzuku zake zimezidi kodi hizi hupata namba hasi.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kukumbuka. Ndizi mbichi sokoni Mbuyuni hazina VAT, na kahawa inayouzwa nje hutozwa asilimia sifuri. Msimu mzuri wa Kilimanjaro utaonekana kwenye kilimo mapema kuliko kwenye kodi hizi.

Kwa hiyo, ukitaka kujua mzigo wa kodi umeongezeka au la, usitazame shilingi peke yake, wala dola, maana dola huvurugwa na kiwango cha kubadilisha fedha. Usichukue pia takwimu za bei za kudumu, yaani zilizopimwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa kipimo (mwaka wa kizio), kwa sababu hizo hutumia viwango vya kodi vya mwaka huo, na mabadiliko ya kiwango hayaonekani humo. Chukua kodi halisi kwa bei za mwaka husika, ugawe kwa Pato la Taifa la mwaka huo huo, kisha linganisha asilimia mwaka hadi mwaka.