Mnara wa kilimani hauna kosa: dhana potofu kuhusu kelele kwenye redio za ridhaa

Msikilizaji wa redio za ridhaa (za watu wanaowasiliana kwa kupenda, si kwa biashara) aliyeko Mbeya mjini akikuta mita 40, moja ya bendi zao, yaani kundi la masafa, imejaa mvumo, wa kwanza kulaumiwa ni mnara wa FM au wa simu ulioko kilimani. Lakini redio za FM zinatangaza kati ya megahezi 88 na 108, na simu ziko juu zaidi ya hapo. Mita 40 kwetu Afrika ni megahezi 7.0 hadi 7.2. Mnara wa jirani sana unaweza kuilemea redio yako, ndiyo, ila dalili zake ni tofauti: utasikia muziki au maongezi mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kituo. Mvumo mzito unaopanda na kushuka polepole, au mlio unaojirudia kila unaposogeza masafa hatua ileile, kwa kawaida hautoki mnarani. Una uwezekano mkubwa wa kutoka sebuleni kwako.

Kuthibitisha hakuhitaji kifaa cha bei. Iendeshe redio kwa betri ya volti 12, kisha zima meinswichi ya nyumba. Kama una inveta ya akiba, nayo izime, maana itawaka yenyewe umeme ukikatika na kukudanganya. Sikiliza. Kelele ikianguka, mhalifu yumo ndani. Rudisha umeme, kisha chomoa kimoja kimoja: chaja za simu, king'amuzi, adapta ya kompyuta, taa. Mita ya redio, inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa vipimo vya S, ikishuka kutoka S7 hadi S4, hizo ni desibeli 18. Kwa masikio yako ni sawa na kituo cha mbali cha wati 100 kupanda hadi wati 6,300 hivi. Hakuna antena ya duka itakayokupa faida hiyo unayoipata kwa kuchomoa waya mmoja.

"Mimi natumia sola, kwangu hakuna kelele"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, hasa vijijini Rungwe, Njombe na Mufindi, ambako mtu yuko mbali na nyaya za umeme na anategemea ukimya kamili. Paneli yenyewe haina kelele. Tatizo ni kontrola inayochaji betri, pamoja na inveta. Ndani yake umeme unakatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unazaa mawimbi yanayoenea hadi kwenye bendi zetu. Waya mrefu unaoshuka kutoka paa hadi kontrola unakuwa antena ya kuyarusha.

Kuitambua ni rahisi. Kelele ya kontrola inakuja jua likichomoza na kuondoka jua likizama. Ukitaka uhakika saa sita mchana, mwambie mtu apande afunike paneli kwa blanketi zito huku wewe umeshika redio. Mvumo ukifa blanketi linapotandazwa na kurudi linapoondolewa, hakuna tena cha kubishania. Dawa yake ni kusokota pamoja waya chanya na hasi, kuzifupisha kadiri inavyowezekana, kuweka pete za feraiti (kitu cha sumaku kinachozuia kelele isipite kwenye waya) upande wa paneli na upande wa betri, na kuihamisha antena mbali na paa. Mita chache za umbali zinaleta tofauti kubwa, kwa sababu karibu na chanzo kelele inapungua haraka sana.

"Balbu ya wati 5 itasumbua nini?"

Wati za balbu zinakueleza matumizi ya umeme tu. Kinachosumbua ni saketi ndogo iliyo ndani ya kitako chake. Watengenezaji wa bei ya chini hupunguza gharama kwa kuacha vichujio, kwa hiyo balbu moja dhaifu inaweza kuchafua bendi nzima huku ya wati 12 iliyotengenezwa vizuri ikikaa kimya. Kabla ya kununua dazeni, nunua moja, iwashe, kisha isogelee na redio ndogo ya AM.

"Nimebana feraiti kwenye waya, haijasaidia"

Haikusaidia kwa sababu waya umepita mara moja tu. Ukizungusha waya kwenye pete mara 5, ukinzani unapanda karibu mara 25, kwa kuwa unakua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Kwa bendi za chini tafuta feraiti ya mchanganyiko (aina ya malighafi) nambari 31. Weka pete karibu kabisa na kifaa kinachopiga kelele, na nyingine kwenye kebo ya antena inapoingia redioni, ili nje ya kebo isiwe njia ya kelele za nyumba.

Kuna wanaotegemea kipaza mawimbi cha mbele ya redio. Kwenye mita 40 kelele inaingia kwa antena pamoja na kituo, kwa hiyo vyote viwili vinapazwa. Mara nyingi kupunguza usikivu ndiko kunakosafisha sauti. Chuma kilichochimbiwa ardhini nacho ni cha usalama. Hakinyonyi kelele, na kikiunganishwa vibaya na ethi ya nyumba kinaweza kuileta redioni.

"Lazima ni nguzo ya umeme"

Wakati mwingine ni kweli. Kikombe cha nguzo (kinachotenga waya na nguzo) kilichopasuka au fundo lililolegea hutoa cheche, na mkoromo wake hupiga mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na cheche huruka kila nusu ya mzunguko. Mara nyingi huzidi wakati wa ukavu na kupoa mvua ikinyesha. Tembea na redio ya AM ukiigeuzageuza: fimbo ya feraiti iliyo ndani hupokea kidogo kabisa ncha yake ikielekea kwenye chanzo. Andika nambari ya nguzo, upige simu kwa shirika la umeme. Usiitikise wala kuigonga nguzo, hata kama umewaona mafundi wakifanya hivyo.

Kwa jirani, beba redio uende nayo. Mwambie, "Shikamoo mama, naomba tuzime taa hii dakika moja usikie." Akisikia mwenyewe tofauti, maelezo yanakuwa mafupi, na ukimpelekea balbu safi ya kubadilisha hana sababu ya kukataa.

Ipo kelele moja isiyo na kosa la mtu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikitanda Nyanda za Juu Kusini, radi hupasua mita 80 na 40 jioni nzima, na hakuna pete wala kichujio cha kuiondoa. Bendi za juu haziumii sana, basi hamia mita 20 au 15 mchana, na ngurumo zikikaribia chomoa antena uiache nje ya nyumba.